Tuna Mtu Humo Ndani

Kuna familia zina shamba, kuna familia zina nyumba ya kupangisha, na kuna familia zina mtu. Hii ilikuwa na mtu. Mtu mwenyewe alikuwa kitinda mimba wa nyumba, mpimaji katika maabara ya hospitali kubwa, na mama yake alipenda kuwaambia majirani taratibu, ili liwaingie vizuri: "Sisi hospitali hatuhangaiki. Tuna mtu humo ndani."

Mtu huyo, tuseme ukweli, hakuwa na ukubwa wowote. Maabara yao ilikuwa nyuma kabisa ya majengo, imepakana na chumba cha kufulia, dirisha lake linatazama ukuta. Wauguzi wa wodini waliijua sahihi yake, sura hawakuijua. Akipita getini bila koti jeupe, mlinzi alikuwa akimsimamisha na kumuuliza anakwenda kumwona mgonjwa gani. Nyumbani walimwita Daktari, yeye ambaye hajawahi kumtibu hata kuku. Aliyekataa kumwita hivyo alikuwa mmoja tu, dada yake mkubwa, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Yeye alimwita Bwana Mikojo.

"Bwana Mikojo, habari za huko? Leo umeonja ya wangapi?"

Mama hukasirika, mwenyewe Bwana Mikojo hucheka mpaka akaomba maji. Dada huyo ndiye aliyembeba mgongoni utotoni, ndiye aliyemshonea sare za shule kwa vitambaa vilivyobaki vya wateja, kaptura moja paja la kijivu na paja la kijivu kingine. Hakuna binadamu aliyempenda kuliko huyo. Hilo lishikeni, maana yote yanayofuata yanatoka hapo.

Dada aliolewa na dereva wa lori, akakaa miaka mingi bila mtoto. Maneno ya watu aliyasikia yote, akayameza, akaendelea kushonea wenzake nguo za watoto. Mimba ilipokuja aliificha hata kwa mama mpaka tumbo lenyewe likasema. Uchungu ulipoanza ukagoma katikati, madaktari wakampasua, wakamtoa mtoto wa kike aliyekuwa na nywele tele na kilio cha hasira. Familia nzima ililia siku ile, na shemeji, mtu mkubwa vile, alilia kwa sauti kwenye simu akiwa barabarani na lori lake.

Siku hiyo hiyo mama akampigia mwanawe simu.

"Tumewekwa mlangoni kabisa, kila anayepita anamgonga dada yako kitanda. Hebu njoo. Na uje na koti lako, wajue tuna mtu."

Sasa, juu ya mlango wa maabara kulikuwa na tangazo lenye kona moja iliyobanduka: KOTI LINABAKI HAPA. Lilikuwa limeandikwa na Shangazi. Huyu hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alikuwa mkuu wa maabara, na waliomwita hivyo walimwita kwa sababu ya kukaripia. Sababu ya tangazo kila mpimaji aliijua. Koti la maabara linalalia meza siku nzima. Mikono yake inagusa usaha, makohozi, damu, na vitu vingine ambavyo kuvitaja mbele ya chakula ni kukosa adabu. Linaweza kuwa jeupe pe, na bado likawa limebeba wadudu wasioonekana kwa macho. Bwana Mikojo mwenyewe aliwahi kuwafundisha wanafunzi wa mazoezi jambo hilo, tena kwa madaha.

Lakini mama ni mama. Nani atamwambia mama yake aliyejaa furaha kwamba koti analoringia ni chafu? Alilitazama tangazo, akatazama saa ya ukutani, akasema moyoni, aah, mara moja tu, naenda na kurudi. Akavuka uani nalo.

Na koti likafanya kazi. Muuguzi aliyekuwa amekunja uso aliukunjua. "Kumbe ni ndugu yako? Si ungesema." Kabla ya jioni kitanda cha dada kikahamishiwa dirishani, penye hewa, na mwenye kitanda cha dirishani, mama mmoja asiye na mtu, akapelekwa mlangoni. Mama alifurahi sana. Dada alikuwa amechoka, midomo imekauka, lakini ulimi ulikuwepo.

"Bwana Mikojo leo kawa bwana harusi. Nisaidie nikae, nimnyonyeshe mwanao."

Akamwinamia. Akampitisha mkono mgongoni, mkono mwingine mbele, dada akaning'inia kwenye koti lake na kujivuta polepole, akisonya kwa maumivu na kucheka papo hapo. Kidonda kilikuwa chini ya bandeji, chini ya shuka. Mkono wa koti ulipita juu ya hayo yote. Hakuna aliyewaza kitu. Kesho yake mama akapiga tena simu, na kesho kutwa pia, na kila siku akaja na koti, kwa sababu kitanda cha dirishani kilichopatikana kwa koti kingeweza kuondoka kwa kukosa koti.

Maabara ilikuwa na mgeni wake wa muda mrefu, na wapimaji walimpa jina: Mbishi. Mbishi alikuwa bakteria. Alikuwa ameingia na mgonjwa mmoja wa kuungua moto, mgonjwa akaondoka, yeye akabaki, akawa anachomoza mara kwenye mkojo wa huyu, mara kwenye kidonda cha yule. Namna ya kumpima ni hii. Unachukua usaha kwa kijiti chenye pamba, unaupaka kwenye kisahani chenye chakula cha wadudu, chakula laini kama uji ulioganda. Juu yake unapanga vikaratasi vidogo vya duara, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Unafungia kwenye kabati la joto mpaka kesho. Dawa ikiwa na nguvu, wadudu hawaoti karibu nayo, na utaona duara safi limezunguka kikaratasi. Duara likiwa pana, mgonjwa ana bahati. Mbishi alikuwa akiota mpaka kwenye ukingo wa kila kikaratasi, anakigusa, anakaa.

Ukikaa na adui kila siku unaanza kumzoea, na ukimzoea unaanza kumsifu. Wapimaji walimsimulia Mbishi kama watu wanavyosimulia mchezaji wa timu. Kisahani kikitoka hakina duara hata moja, mtu huinua mkono na kusema, "Mzee wa kazi yupo," na wengine huja kutazama. Bwana Mikojo alikuwa hodari wa utani huo kuliko wote. Alikuwa na msemo wake: "Sikio la kufa halisikii dawa." Wenzake walicheka kila mara.

Asubuhi moja akafungua kabati la joto na kuanza kuvitoa visahani. Sampuli haziandikwi majina, zinaandikwa namba tu, ili mpimaji asimwonee mtu wala kumpendelea. Kimoja kilitoka wodi ya akina mama waliopasuliwa. Akakiinua kwenye mwanga. Hakuna duara. Harufu yake hata hakuwa na haja ya kuisogelea.

"Shangazi, njoo umwone mwenyewe," aliita, akitabasamu. "Safari hii kavaa suti kabisa. Hataki dawa hata moja. Hii ya pembeni ndiyo kidogo, tena duara lenyewe jembamba kama uzi."

Shangazi akavaa miwani, akatazama, akaguna. "Hii si ya kucheka. Piga simu wodini waambie kabla karatasi ya majibu haijafika. Wamtenge huyo mgonjwa."

Akapiga. Akasoma namba kwa sauti ya kazini. Muuguzi wa upande wa pili akapekua, akasema, "Ah, huyo. Wa kitanda cha dirishani."

Alibaki ameshika simu. Muuguzi aliita haloo, haloo, kisha akakata. Shangazi akamuuliza kuna nini. Akaelekeza kidole kwenye kisahani, kisha akajielekezea kifuani. Shangazi alimwelewa, kwa sababu wiki nzima alikuwa akimwona anavuka uani.

Daktari wa wodi alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na hakumficha. Ipo dawa moja, ile ya uzi. Ni kali, inapiga figo, na hata ikiwa kali hivyo haijulikani kama itafika ndani ya tumbo ambako usaha umeshakusanyika. "Tutamsafisha kidonda, tutampa hiyo. Wewe unajua kusoma kisahani kuliko mimi. Unanielewa." Alimwelewa. Ndiyo ilikuwa shida yake: alielewa kila kitu na hakuweza kitu. Angekuwa mjinga kama ndugu zake angalau angekuwa na tumaini.

Ndugu zake walikuwa nalo tele. Shemeji aliliacha lori huko huko alikofika, akaja na mfuko wa vidonge vya rangi mbili. "Hivi ndivyo vilivyonitoa mimi kwenye jipu. Nilimeza vichache nikapona, hivi vilibaki. Mpe." Akampokea, akaviweka mfukoni, kwa sababu mwanamume yule alikuwa anatetemeka na hakuna namna ya kumwambia mtu anayetetemeka kwamba huko kumeza vichache ndiko kunakowafunza wadudu kuzizoea dawa. Mama naye alikuwa na tumaini la aina yake, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Ongea nao," mama alimwambia kwenye korido, amemshika kiwiko.

"Nimeongea nao, mama."

"Umeongea kama mtu wa nje. Ongea kama mtu wa humu. Haiwezekani hospitali kubwa namna hii ikose dawa. Ipo, wamewafichia watu wao. Vaa koti lako uende kwa mkubwa wao."

"Mama, dawa zipo. Mdudu ndiye hazisikii."

"Mdudu gani huyo asiyesikia dawa, kwani ana masikio?" mama alisema, na wala hakuwa anatania. Alimtazama mwanawe kama anavyotazamwa mtoto aliyetumwa dukani akarudi mikono mitupu.

Dada akawa anachemka. Mchana anatetemeka chini ya mashuka, baadaye analowa jasho, mtoto akaondolewa kifuani pake na kupelekwa nyumbani kwa mama, akawa ananyweshwa maziwa ya kopo. Sasa aliyetaka kuingia alivalishwa gauni la plastiki na glavu. Alipoingia yeye, dada alimtazama vile alivyofungwafungwa, akajaribu kucheka.

"Mbona unaniangalia kama kopo la mkojo?"

Akamvutia shuka.

"Niambie, basi. Wadudu wangu wanasemaje?"

"Ni wabishi kidogo," alisema. Kisha akasikia alichokisema, akageukia dirishani.

"Basi wamempata mbishi mwenzao," dada akasema. Akafumba macho. Baadaye kidogo akaongeza, "Mwanangu usimwache kwa watu. Na usimfundishe kazi yako, inanuka."

Alitoka pale akaenda moja kwa moja maabara. Koti lake lilikuwa limetundikwa kwenye msumari wake. Akachukua kijiti cha pamba, akakilowesha, akausugua mkono wa kulia wa koti, pale kwenye pindo, akapaka kisahani, akafungia. Kesho yake alikuwa wa kwanza kufika. Alikijua kabla hajakishika. Mbishi alikuwa ameota vizuri kabisa, ametandaa, hana hata wasiwasi.

Shangazi akamkuta amekaa na kisahani magotini. Hakukaripia. Akavuta kiti.

"Hili koti umelipima jana?"

"Jana."

"Na kwa dada yako umekuwa ukienda nalo tangu siku ya kwanza."

"Kila siku."

"Basi kisahani hiki hakikwambii kitu. Inawezekana ulimpelekea. Inawezekana alikuwa ameshampata chumba cha upasuaji, au kwenye hilo godoro la dirishani, ukamchukua wewe kutoka kwake. Ungepima siku ile ya kwanza, tungejua. Leo hakuna wa kujua. Wala mimi, wala wewe, wala profesa."

"Niambie tu kwamba siyo mimi."

Shangazi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Siwezi kukwambia hivyo," alisema. "Mimi pia nilikuona ukitoka nalo. Nikasema, mwache, dada yake kajifungua."

Nje wafuaji walikuwa wanakung'uta mashuka yaliyochemshwa. Alitamani atukanwe, afukuzwe kazi, apigwe hata kofi; adhabu ingekuwa na pa kushika. Hakuna aliyempa. Alilitia koti kwenye mfuko wa plastiki ili akalichome moto, akaenda nalo nyumbani kwa mama ambako ndiko alikolala siku zile, akauweka mfuko nyuma ya mlango, na kabla hajatafuta kiberiti simu ikaita.

Figo za dada zilikuwa zimesimama. Dawa ya uzi ilikuwa imefanya ilichoweza, na ilichoweza kilikuwa kidogo. Alikufa adhuhuri, dirishani, penye hewa nzuri.

Methali ile aliyokuwa akichekesha nayo wenzake ilimrudia makaburini, wakati udongo unashuka, ikakataa kumtoka kichwani. Sikio la kufa halisikii dawa. Basi Mbishi hakusikia dawa hata moja, na hakufa yeye. Alibaki na wazo hilo huku watu wakimpa mkono wa pole, na kila aliyempa mkono aliitazama mikono yake, akishangaa kwa nini imebabuka hivi. Alikuwa anainawa mpaka ngozi inachubuka.

Watu walipotawanyika nyumba ikabaki na mama, na yeye, na mtoto. Shemeji alirudi barabarani; alisema akikaa atachanganyikiwa. Mtoto alikuwa na nywele za mama yake na hasira zake. Yeye mjomba alimpenda mpaka akaogopa kumshika. Alikuwa akisimama mbali kidogo na kumtazama akinyonya chupa, na mama akawa anamwambia, "Mshike basi, haumi."

Asubuhi moja mtoto alikataa chupa. Kilio chake cha hasira kikawa kidogo, cha kuguna tu. Mama akamwekea mgongo wa mkono kwenye paji la uso, kisha akamwekea shavu lake.

"Anachemka," mama alisema. "Twende."

Alikuwa anavaa viatu mama alipotoka chumbani, mtoto kifuani, na mkononi kitu cheupe kilichokunjwa. Kilikuwa kimepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Ilimchukua muda kukitambua.

"Nililikuta nyuma ya mlango ndani ya mfuko," mama akasema. "Nimelichemsha, nikalitia wanga. Mtu wa kazi yako hatembei na koti limejikunja namna ile. Vaa." Akamnyooshea. Halafu akasema bila ukali, kwa sauti ya mtu anayemwomba mwanawe jambo dogo, "Na safari hii uongee nao vizuri."

Hapo ndipo angesema. Maneno alikuwa nayo, alikuwa ameyabeba tangu kwenye kile kiti cha maabara. Lakini angesema nini? Angesema, mama, huenda ni mimi? Na mama angemuuliza, huenda au ndiyo? Na yeye hana jibu, hatalipata, hata afungue visahani mpaka azeeke. Koti lilikuwa limechemshwa, alijua kwamba lililochemshwa limechemka, alijua hivyo kwa akili. Mikono ikakataa kuingia. Akalichukua, akaliweka juu ya kiti.

"Nitaenda hivi hivi, mama."

Mama alimtazama, akalitazama koti. Wakaenda.

Mlango wa watoto ulikuwa umefurika. Getini mlinzi alikuwa amewauliza wanakwenda kumwona nani. Kwenye meza ya mapokezi kulikuwa na dada mmoja mgeni kwake, naye akamsogelea, akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Samahani, mimi ni mtu wa maabara hapa hapa."

Yule dada alimtazama shati, akamtazama viatu. "Kaka, leo kila mtu hapa ni mtu wa humu. Kaeni kwenye foleni."

Wakakaa mwisho wa benchi, karibu na mlango, mahali ambapo kila anayepita anakugonga goti. Mama akamwekea mwanawe mtoto mapajani bila kumuuliza, apate kujinyoosha mgongo. Mtoto alikuwa wa moto kupitia nguo, mwepesi, anapumua mbio mbio. Yeye aliikunja mikono yake iliyobabuka, akamshika kwa viwiko, ili viganja visimguse. Foleni ilisogea kidogo, ikasimama.

Mwanamke aliyekaa jirani yao alimchungulia mtoto, akatikisa kichwa kwa huruma. "Huyu amezidiwa jamani," alimwambia mama. "Kwani hamna mtu humo ndani awasaidie?"

Mama alimgeukia mwanawe, akamtazama kwa muda, mikono ile iliyokunjwa na shati lile. Kisha akageuka, akatazama mbele kwenye foleni.

"Tulikuwa naye," alisema.